Mnara wa Siloamu na Njia ya Misafara: Matetemeko ya Ardhi Magharibi mwa Tanzania

Ardhi inapotetemeka katika ukanda wetu wa magharibi, swali la kwanza huulizwa na watu wakiwa bado uani, miguu pekupeku: limetokea wapi? Swali la pili huja baadaye, mioyo ikishatulia, na mara nyingi huletwa kanisani: kwa nini Mungu ameruhusu? Lakini lipo jibu ambalo hutangulia hata swali lenyewe. Husemwa kwamba walioangukiwa na nyumba walikuwa na jambo lao, na kwamba mji ule ulizidi kwa maovu. Jibu hilo lina sauti ya dini, na kwa hiyo hupita bila kupimwa. Katika insha hii tunataka kulipima. Tutafuata njia ya kale ya misafara kutoka pwani hadi Ujiji kupitia Tabora, tuone ardhi ya kwetu imeumbwaje, imetetemeka lini na iliwaumiza nani, kisha turudi kwenye Maandiko na kuuliza sisi tunaosali chini ya mapaa haya tunadaiwa nini.

Njia iliyovuka mabonde mawili

Katika karne ya 19, msafara uliotoka Bagamoyo kuelekea bara ulipita Mpwapwa, ukakata nchi kavu ya Ugogo, ukapanda ukingo wa Kilimatinde, ukavuka pori la Mgunda Mkali, ndipo ukaingia Unyanyembe, mahali ulipokua mji wa Tabora. Waingereza Richard Burton na John Speke walifika hapa Novemba 1857 na kuuandika mji kwa jina la Kazeh. Februari 1858 walikuwa Ujiji, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Mizigo ilibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi: nguo, shanga na waya wa shaba kwenda bara, pembe za ndovu kurudi pwani. Katika njia hiyo hiyo walipitishwa watumwa, na hatuwezi kuitaja historia yetu tukawaruka.

Injili nayo ilikuja kwa njia hii. David Livingstone na Henry Morton Stanley, baada ya kukutana Ujiji mwaka 1871, walikaa Kwihara, karibu na Tabora, na kutoka hapo Livingstone alianza safari yake ya mwisho mwaka 1872. Mapadre wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, wale wanaoitwa White Fathers, walipita Tabora mwaka 1878 na kufika Ujiji mwanzoni mwa 1879. Wamisionari wa London waliweka kituo Urambo, na mwaka 1898 kituo hicho kikapokelewa na Wamoraviani.

Wote hao walivuka, bila kuwa na majina yake, mojawapo ya maumbile makubwa ya uso wa dunia. Ukingo wa Kilimatinde, uliowakata pumzi wapagazi, ni ukuta wa tawi la mashariki la Bonde la Ufa. Nchi tambarare inayofuata, yenye majabali ya matale yaliyokaa kama yamepangwa kwa mkono, ni mgongo wa mwamba mkongwe sana, wenye umri unaozidi miaka bilioni 2. Tabora imekaa juu ya mwamba huo, kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Kisha njia inashuka kupitia bonde la Malagarasi hadi Ujiji, ambako ziwa liko kwenye mita 770 hivi. Huko ni tawi la magharibi la Bonde la Ufa. Kwa hiyo msafara ulitoka kwenye ufa, ukapumzika juu ya mwamba, ukaingia kwenye ufa mwingine. Miguu ya wapagazi iliijua jiolojia ya nchi yetu kabla vitabu havijaandikwa.

Ardhi inavyojongea

Ganda la dunia limegawanyika katika mabamba makubwa ya mwamba, na mabamba hayo hayatulii. Afrika Mashariki yanaachana. Upande wa mashariki wa bara letu unajitenga na upande wa magharibi kwa milimita chache tu kila mwaka, polepole kuliko kucha za vidole zinavyokua. Mwamba mkongwe wa katikati ni mgumu kupasuka, na kwa hiyo ufa umeuzunguka pande mbili, kama maji ya mto yanavyogawanyika yakikuta jiwe.

Anayevuta gunia la mahindi juu ya sakafu ya saruji anajua jambo linalofuata. Unavuta, gunia halisogei. Unaongeza nguvu, bado limeshika. Halafu ghafla linachomoka na kuruka hatua nzima. Miamba iliyo pande mbili za ufa hushikana vivyo hivyo. Mvuto unaendelea miaka mingi, pengine karne, bila kuonekana. Siku mshiko unaposhindwa, miamba huteleza kwa mara moja, na nguvu iliyokuwa imehifadhiwa hutoka kwa mawimbi yanayosafiri ardhini kila upande. Mawimbi hayo yakifika chini ya nyumba zetu tunayaita tetemeko. Mitetemo midogo inayofuata kwa siku au wiki kadhaa ni miamba ikitafuta namna mpya ya kukaa.

Tungependa msomaji asifikirie mwendo huu kuwa ni laana iliyowekwa juu ya nchi yetu, kwa sababu mkono huo huo unaotikisa ndio uliotupa. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, na ni la pili duniani kwa kina baada ya Baikal la Urusi, kwa sababu ardhi ilipasuka na kuzama. Dagaa na migebuka inayoshuka sokoni Tabora kutoka Kigoma ni matunda ya ufa huo. Mto Malagarasi ni mkongwe kuliko ziwa lenyewe: kabla ya bonde kuzama, maji yake yalielekea magharibi hadi kwenye mfumo wa mto Kongo, na hata leo wapo samaki wa Malagarasi walio ndugu wa samaki wa Kongo. Chemchemi za Uvinza, ambako maji ya chumvi hupanda kutoka chini, ziliwalisha chumvi watu wa bara kwa zaidi ya miaka 1,000, na misafara ilisimama hapo kununua. Baba zetu walikula ugali uliokolezwa na nchi hii inayojongea.

Desemba 1910

Mchana wa tarehe 13 Desemba 1910, nchi ikiwa chini ya Wajerumani, ardhi iliteleza katika eneo la kati ya Ziwa Rukwa na kusini mwa Ziwa Tanganyika. Vyombo vya kupimia vilivyokuwa Ulaya vilikinasa kishindo hicho. Wataalamu waliopitia kumbukumbu za wakati huo wamekadiria ukubwa wake kuwa zaidi ya 7, na wanalihesabu miongoni mwa matetemeko makubwa kabisa yaliyopimwa katika bara zima la Afrika. Lilisikika katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Majengo yaliharibika. Hata hivyo, tetemeko hilo halikuacha nyuma yake kumbukumbu ya vifo vingi.

Kwa nini? Hatuwezi kusema kwamba watu wa Rukwa wa mwaka 1910 walikuwa watakatifu kuliko sisi. Sababu iko karibu zaidi. Watu walikuwa wachache, wametawanyika, na wengi waliishi katika nyumba za miti, udongo na nyasi. Msonge wa paa la nyasi ukitikiswa hupinda, huyumba, na hata ukianguka, kinachomwangukia mtu ni chepesi. Tembe, nyumba ya paa bapa la udongo iliyozoeleka kando ya njia ya misafara na ambayo Livingstone na Stanley walikaa ndani yake Kwihara, ilikuwa na hatari zaidi kwa uzito wa paa lake, lakini paa hilo lilibebwa na nguzo na boriti za mti. Hakukuwa na miji ya matofali ya kuanguka.

Wakati tetemeko hilo linapita, reli ya kati ilikuwa inajengwa kufuata takriban nyayo za misafara. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Pamoja na reli vilikuja bati, saruji, maghala na stesheni za mawe. Shule na makanisa ya kuta nzito yakaongezeka. Tofali la kuchoma likawa alama ya maendeleo, na hatulilaumu. Limetukinga na mchwa, moto na mvua. Lakini tukubali kwamba tetemeko kama la 1910 likirudi leo litakuta nchi nyingine. Litazikuta Sumbawanga, Mpanda, Kigoma na Tabora zimejaa watu, na juu ya vichwa vyao kuna uzito ambao mwaka 1910 haukuwapo.

Ukubwa wa tetemeko na ukubwa wa msiba

Mambo yaliyotokea katika kizazi chetu yanathibitisha jambo hili. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko lenye ukubwa wa 6.8 lilitokea chini ya Ziwa Tanganyika. Lilisikika katika nchi kadhaa, na upande wa Kongo, mjini Kalemie, nyumba nyingi zilianguka. Waliokufa walikuwa wachache, ingawa kila mmoja alikuwa na mama yake.

Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008, asubuhi, tetemeko la 5.9 lilipiga eneo la Ziwa Kivu, kati ya Bukavu na magharibi mwa Rwanda. Kwa nguvu lilikuwa dogo sana kuliko lile la ziwani kwetu, kwa maana kila namba moja inayoongezeka katika kipimo huzidisha nguvu mara 32 hivi. Lakini watu zaidi ya 30 walipoteza maisha. Miongoni mwao walikuwa waumini wa wilaya ya Rusizi, walioangukiwa na jengo la kanisa wakiwa ibadani.

Tarehe 10 Septemba 2016, Jumamosi alasiri, tetemeko jingine la 5.9 lilitikisa Kagera. Serikali ilitangaza vifo vya watu 17, na waliojeruhiwa walizidi 200. Nyumba nyingi za Bukoba na vijiji vyake zilipasuka au kulala chini, na shule za Ihungo na Nyakato zilibomoka kiasi cha kufungwa. Bukoba haiko kwenye mstari wenyewe wa ufa. Iko kando, ukingoni mwa ule mwamba mkongwe. Kwa hiyo sisi wa Tabora tusijifariji kupita kiasi kwa kusema tumejengwa juu ya mwamba. Mwamba ni mgumu, lakini mawimbi yanasafiri.

Tukiyapanga matukio haya pamoja, tunaona kitu kimoja. Tetemeko la 1910 lilikuwa kubwa kuliko yote, na halikuacha kumbukumbu ya makaburi mengi. Yale ya Kivu na Kagera yalikuwa ya wastani, na yakaua wengi. Kama matetemeko yangekuwa fimbo ya kuwachapa waovu kwa kadiri ya uovu wao, tungelazimika kusema fimbo kubwa ilipiga nchi tupu na fimbo ndogo ikawapiga watu waliokuwa ibadani Jumapili asubuhi. Hesabu hiyo haikubali. Kinacholingana na idadi ya wafu ni umbali wa kitovu, kina chake, wingi wa watu, na kuta zilizowazunguka.

Lisbon, siku ya Watakatifu Wote

Kanisa limewahi kukutana na jambo hili kwa ukali mkubwa. Tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, mji wa Lisbon nchini Ureno ulitikiswa wakati makanisa yamejaa. Likaja tetemeko, likafuata wimbi la bahari, na moto uliowashwa na mishumaa na majiko ukateketeza kilichobaki. Maelfu kwa maelfu walikufa. Mhubiri maarufu, Gabriel Malagrida, alifundisha kwamba sababu ni dhambi za mji, na kwamba watu waache mambo mengine yote washike toba.

Upande wa pili, waziri wa mfalme, anayejulikana kwa jina la Pombal, aliamuru wafu wazikwe, wenye njaa walishwe, na mji ujengwe upya kwa nyumba zenye mifupa ya mbao ndani ya kuta, ili ziyumbe zisivunjike. Kisha maswali yakatumwa kwa maparoko wa nchi nzima: tetemeko lilianza saa ngapi, lilidumu kwa muda gani, nyumba ngapi zimeanguka, wangapi wamekufa? Mapadre waliandika majibu, na karatasi hizo huhesabiwa miongoni mwa mianzo ya elimu ya matetemeko.

Pombal hakuwa mtu mwema; Malagrida mwenyewe aliuawa chini ya utawala wake, na hatumweki mbele ya Kanisa kama kielelezo. Tunawatazama wale maparoko. Walisali na wafiwa, wakawazika, halafu wakaketi mezani kuhesabu kwa uaminifu. Katika mikono yao sala na kalamu hazikugombana.

Maandiko yanasema nini

Biblia inayajua matetemeko. Nabii Amosi anaanza kitabu chake kwa kuhesabu miaka kutoka tetemeko la siku za mfalme Uzia, na Zekaria, karne nyingi baadaye, bado anakumbuka watu walivyolikimbia. Ni kweli pia kwamba Maandiko mara nyingine yanaliita tetemeko ishara: pale msalabani, pale kaburini, pale gerezani Filipi. Hatutaki kuyapunguza hayo. Mungu aliyeumba miamba anaweza kusema kupitia miamba.

Lakini anaposema, hutuambia amesema. Pale Horebu, katika 1 Wafalme 19, Eliya alipitiwa na upepo, tetemeko na moto, na Maandiko yanasema wazi kwamba Bwana hakuwamo humo. Alisikika katika sauti ndogo iliyofuata. Na jibu la moja kwa moja kwa swali letu liko Luka 13. Mnara wa Siloamu ulikuwa umeanguka na kuua watu 18. Bwana Yesu aliwauliza wasikilizaji kama wanadhani hao walikuwa wakosaji kuliko wakazi wote wa Yerusalemu, kisha akalikataa wazo hilo. Hakuishia hapo. Aligeuza macho ya waliokuwa hai yaache kuwachunguza wafu na yajitazame yenyewe: tubuni ninyi.

Huo ndio mpaka ambao tumekuwa tukiuvuka. Mahubiri ya toba baada ya tetemeko ni halali kabisa, mradi mhubiri aanze na nafsi yake na usharika wake. Anapoanza na marehemu wa Bukoba au Rusizi, amekwisha kumpinga Bwana wake.

Wako watakaouliza: kama ni mabamba na miamba, Mungu yuko wapi katika kilio cha aliyefukua mwanawe kwenye kifusi? Hatuna maneno ya kukimaliza kilio hicho, na tunadhani ni vema mtu asijaribu kukimaliza siku ya msiba kwa jiolojia wala kwa theolojia. Eliya alipokuwa amechoka na kutaka kufa, malaika alimpa kwanza mkate na maji. Paulo kule Filipi, milango ilipofunguka, hakukimbia; alipaza sauti kumzuia mlinzi wa gereza asijidhuru, na usiku ule ule yule mlinzi akawaosha majeraha yao. Kubaki, kulisha, kuosha majeraha: huo ndio utaratibu wa Maandiko kwa saa za kwanza.

Ukingo wa paa

Baada ya saa za kwanza kuna wajibu mwingine, na huo tunaweza kuanza leo, ardhi ikiwa imetulia. Katika Kumbukumbu la Torati 22:8, Waisraeli, ambao mapaa yao yalikuwa bapa kama ya tembe, waliagizwa kwamba ajengaye nyumba mpya aweke ukingo kwenye paa, mtu asije akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Sheria ya ujenzi imo ndani ya Torati. Mungu angeweza kusema tu kwamba anayeanguka ameandikiwa. Badala yake alimwambia mwenye nyumba kwamba damu itakuwa juu yake.

Sisi ni wajenzi wa makanisa. Karibu kila usharika una harambee ya jengo, na kwa kawaida fedha zikipungua tunapunguza visivyoonekana: nondo, saruji kwenye chokaa, mkanda wa zege unaozunguka kuta juu ya madirisha. Mkanda huo, mafundi wanaouita lenta, ukifungwa kuzunguka jengo zima ndio unaozishika kuta nne zisiachane zinapotikiswa. Ukuta mrefu usio na nguzo, tofali lililounganishwa kwa tope, ukuta wa pembetatu uliopandishwa hadi kwenye kenchi bila kufungwa: hivyo ndivyo vinavyoua. Tunanunua vigae vya madhabahu na kuacha lenta. Tukisimama mbele ya Torati, hilo lina jina, nalo si umaskini peke yake.

Tunapendekeza mambo ambayo usharika wowote kati ya Tabora na Kigoma unaweza kuyatimiza. Kabla ya harambee ijayo, kamati ya ujenzi imwite mhandisi wa halmashauri atazame kuta zilizopo, na aliyoyaona yasomwe mbele ya waumini kama yanavyosomwa matoleo. Milango ya kanisa ifunguke kuelekea nje, na isifungwe kwa kufuli ibada ikiendelea. Watoto wa Shule ya Jumapili wafundishwe kuinama, kujikinga kichwa chini ya meza au benchi imara, na kutoka kwa utaratibu mtikisiko ukiisha, wakae mbali na kuta. Wazee wa kanisa wajue ni nani katika mtaa wao hawezi kutoka mwenyewe: mgonjwa, kikongwe, mjane anayelala peke yake. Na baada ya tetemeko, hata dogo, tuandike kama walivyoandika maparoko wa Ureno: saa, mahali, ufa ulioonekana ukutani. Anayekuja baada yetu atashukuru.

Wapagazi wa njia ya misafara walikuwa na desturi ya kutembea kwa makundi, kwa sababu aliyeachwa nyuma Mgunda Mkali hakufika. Nchi waliyoipita inaendelea kujongea chini yetu, milimita kwa milimita, na itatikisika tena siku isiyotangazwa. Siku hiyo watu watatazama ukuta wa kanisa letu kabla hawajasikia mahubiri yetu. Tuujenge ukuta huo sasa kama watu wanaoamini kwamba kila aketiye chini yake ni wa thamani kwa Mungu.